Kuchagua Raketi Mpya ya Tenisi Inayolingana na Mchezo Wako: Mwongozo kwa Mchezaji wa Dodoma

Mchezaji wa Dodoma anayetaka kununua raketi mpya hukutana na raketi chache dukani na ushauri mwingi kiwanjani. Mmoja humwambia achukue ile anayoitumia bingwa fulani kwenye televisheni, mwingine humsifia raketi nyepesi, na muuzaji humsifia ile iliyobaki stoo. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine: unaanza na mkono wako na namna unavyopiga mpira, unapita kwenye hewa na joto la Dodoma, na unaiacha chapa iwe jambo la mwisho. Wilson, Babolat, Head, Yonex na wengineo wote hutengeneza raketi za kila aina, na mara nyingi tofauti kati ya matoleo mawili ya kampuni moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni mbili.

Hatua ya kwanza: Jitazame unavyocheza

Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa nyuma ya mstari wa mwisho, katika mechi ya kweli na si katika mazoezi ya kupasha mwili, kwa sababu mazoezini kila mtu hupiga vizuri. Utakapoitazama video hiyo, angalia kwanza urefu wa mzunguko wa mkono wako. Mtu anayevuta raketi nyuma sana na kuimalizia juu ya bega hutengeneza nguvu yake mwenyewe na hahitaji raketi imsaidie. Anayepiga kwa mkono mfupi, kama wafanyavyo wengi walioanza tenisi ukubwani au waliotoka kwenye mpira wa meza, anahitaji raketi itakayompa msukumo. Angalia pia makosa yako yanaangukia wapi: mipira ikitoka nje kwa urefu unahitaji udhibiti, na ikifia kwenye neti au kabla ya mstari wa sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) unahitaji nguvu. Mwisho angalia unapomalizia pointi, yaani kama ni nyuma kwenye mstari au mbele kwenye neti. Andika majibu hayo kwenye karatasi, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinayategemea.

Hatua ya pili: Chagua uzito

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza katika raketi yenyewe, na ndilo linalokosewa zaidi. Raketi za watu wazima huwa na uzito wa kati ya gramu 255 na 340 bila nyuzi. Uzito huo huandikwa kwenye fremu, mara nyingi upande wa ndani karibu na shingo, na nyuzi huongeza gramu 15 hadi 18 juu yake. Anayeinua raketi ya gramu 260 dukani huipenda papo hapo, kwa kuwa inapepea mkononi kama fimbo ya mwanzi, lakini dukani hakuna mpira unaokuja kwa kasi. Mpira mzito unapoigonga raketi nyepesi, fremu hurudi nyuma na kujipinda, na mtetemo ambao fremu ingeumeza huhamia kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Raketi nzito hubaki imara pale mpira unapogonga, na humpa mpigaji kina zaidi hata akiwa hajapiga kwa nguvu.

Kanuni ninayoipendekeza ni kuchukua raketi nzito kuliko zote unazoweza kuzizungusha kwa wakati hadi mwisho wa mechi. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa kuwa karibu kila mtu mwenye afya anaweza kuzungusha gramu 320 kwa dakika kumi. Dalili ya kwamba raketi imekuzidi huonekana kwenye seti ya pili: mpigaji wa mkono wa kulia huanza kuchelewa, na fohendi zake, yaani mipigo ya upande wa mkono unaoshika raketi, hukimbilia nje upande wa kulia ingawa hakukusudia kuupeleka mpira huko. Kwa mtu mzima anayeanza, gramu 270 hadi 290 zinatosha. Kwa anayecheza mara mbili au tatu kwa wiki na ambaye mzunguko wake umeshatulia, gramu 295 hadi 305 ndizo zinazowafaa wengi. Kupita hapo ni kwa wenye mbinu safi na mwili uliozoea. Raketi iliyouzwa kwa jina la bingwa Roger Federer ilikuwa na gramu 340 bila nyuzi, na wengi walioinunua kwa mapenzi waliitundika ukutani.

Kuhusu watoto, jambo la kuangaliwa ni urefu zaidi ya uzito. Raketi ya mtu mzima ina inchi 27, sawa na sentimita 68.5, na za watoto huanzia inchi 19 hadi 26. Msimamishe mtoto wima, mkono ukiwa umening'inia, kisha weka kichwa cha raketi sakafuni; mwisho wa mpini ukigusa kiganja bila mtoto kukunja kiwiko, urefu huo unamfaa. Usimnunulie kubwa kwa kusema atakua nayo kama afanyavyo mzazi kwa sare ya shule, kwa sababu atajifunza kupiga kwa mikono miwili na mgongo uliopinda, na kuyafuta mazoea hayo baadaye ni kazi kubwa.

Hatua ya tatu: Chagua ukubwa wa kichwa, ukizingatia hewa ya hapa

Ukubwa wa kichwa hupimwa kwa inchi za mraba. Kabla ya mwaka 1976, kampuni ya Prince ilipoingiza sokoni raketi ya kichwa kikubwa iliyobuniwa na Howard Head, raketi za mbao zilikuwa na kichwa cha takriban inchi 65 hadi 70 za mraba. Siku hizi nyingi ziko kati ya 95 na 110. Kichwa kikubwa kina nyuzi ndefu zinazobonyea zaidi na kuurusha mpira kwa nguvu, na eneo lake la kupigia husamehe mpira usiogonga katikati; kichwa kidogo hutoa mpira kwa usahihi lakini humwadhibu anayekosea kidogo. Bingwa wa zamani Pete Sampras alitumia inchi 85, na Federer alibaki na 90 kwa miaka mingi hadi alipohamia kichwa kikubwa zaidi mwaka 2014. Kwa hiyo hakuna aibu yoyote kwa mchezaji wa jioni kuchukua 100.

Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar es Salaam au Tanga. Mji wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani. Hewa nyepesi haiuzuii mpira kama hewa ya pwani inavyouzuia, kwa hiyo mpira uliopigwa kwa nguvu ileile huenda mbali zaidi na huchelewa kushuka. Zaidi ya hayo, mpira wenye presha ya ndani hudunda juu zaidi kadiri presha ya nje inavyopungua. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi huruhusu mipira maalumu katika viwanja vilivyo juu ya mita 1,219; sisi tuko chini kidogo ya mpaka huo, hivyo tunachezea mipira ya kawaida karibu kabisa na kimo ambacho imeanza kutushinda. Mchezaji aliyehamia hapa kutoka pwani na raketi yake ya kichwa kikubwa, kisha akaona mipira yake yote inatoka nje kwa mita moja, asikimbilie kubadili namna anavyopiga kabla hajakumbuka jambo hili.

Ushauri wangu, basi, ni kushuka kidogo kuliko ambavyo miongozo iliyoandikwa kwa maeneo yaliyo karibu na usawa wa bahari ingekuelekeza. Anayeanza achukue inchi 100 hadi 104 badala ya 107 au 110. Mchezaji wa kati mwenye mzunguko mrefu, ambaye pwani angechukua 100, ajaribu 98. Wanaocheza wawili kwa wawili na kumalizia pointi kwenye neti wanaweza kubaki na 100 au zaidi bila wasiwasi, kwa kuwa voli, yaani kupiga mpira kabla haujadunda, ni mpigo mfupi na kichwa kipana huongeza nafasi ya kuugusa mpira. Angalia pia unene wa fremu ukiitazama kwa ubavu: milimita 20 hadi 22 huelekea kwenye udhibiti, 24 hadi 26 huelekea kwenye nguvu. Rula ya mwanafunzi inatosha kuupima.

Hatua ya nne: Pima mlingano wa uzito

Raketi mbili za gramu 300 zinaweza kuhisika tofauti kabisa mkononi, kwa sababu moja ina uzito mwingi kichwani na nyingine mpinini. Kipimo hiki huandikwa kwa sentimita kutoka mwisho wa mpini, lakini ni rahisi kukipata mwenyewe hata kwa raketi isiyo na maandishi. Simamisha rula kwa ubavu juu ya meza, iegemeze kati ya vitabu viwili ili isianguke, kisha laza raketi juu yake na uisogeze taratibu hadi itulie bila kuinamia upande wowote. Weka alama ya kalamu mahali hapo na upime umbali hadi kwenye kitako cha mpini. Katikati ya raketi ya kawaida ni sentimita 34.25. Ikitulia kwenye sentimita 33 ikiwa na nyuzi, uzito uko mkononi, na raketi hiyo hugeuka kwa wepesi kwenye neti; ikitulia kwenye 35, uzito uko kichwani. Kumbuka kwamba nyuzi husogeza kitovu cha uzito kuelekea kichwani kwa takriban sentimita moja, hivyo usilinganishe raketi yenye nyuzi na namba ya kiwandani ya raketi isiyo na nyuzi.

Raketi nyepesi karibu zote huwa na uzito kichwani, kwa sababu mtengenezaji lazima arudishe nguvu fulani mahali fulani. Raketi nzito karibu zote hurudisha uzito mpinini ili ziweze kuzungushwa. Asiyejua aegemee gramu 300 yenye kitovu cha sentimita 32 bila nyuzi, ambao ndio mpangilio uliowafaa wachezaji wengi wa kati duniani.

Hatua ya tano: Linda kiwiko

Ugumu wa fremu hupimwa kwa namba ambayo kwa kawaida huwa kati ya 55 na 75. Chini ya 62 fremu ni laini, juu ya 68 ni ngumu. Fremu ngumu hurudisha nguvu zaidi kwenye mpira lakini hupeleka mshtuko zaidi mkononi. Mwenye maumivu upande wa nje wa kiwiko, yale ambayo humfanya ashindwe hata kuinua birika la chai, asichukue raketi nyepesi, ngumu na yenye nyuzi za poliesta kwa wakati mmoja, hata akipewa bure. Kidude cha mpira kinachochomekwa kwenye nyuzi ili kuzuia mtetemo hubadilisha sauti tu; hakiponyi kiwiko.

Hatua ya sita: Pima mpini

Mzingo wa mpini huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 5, na namba 2 ni inchi 4 na robo, sawa na sentimita 10.8. Shika mpini kama unavyoshika kwa fohendi, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine katika nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia sawasawa, mpini unakufaa. Kikibanwa, ni mdogo. Nafasi ikizidi, ni mkubwa. Ukiwa kati ya saizi mbili chukua ndogo, kwa kuwa gripu ya kuongezea (utepe unaozungushiwa mpini) hunenepesha mpini kidogo, ilhali mpini mnene haupunguziki kwa urahisi.

Hatua ya saba: Amua kuhusu nyuzi

Wanunuzi wengi huishia kwenye fremu, ilhali kitu pekee kinachougusa mpira ni nyuzi. Raketi nzuri iliyofungwa nyuzi mbaya ni raketi mbaya. Raketi za bei nafuu huja na nyuzi za kiwandani ambazo zimekaa kwenye kontena na stoo kwa muda usiojulikana, na mkazo wake umekwisha kulegea. Ukizihukumu fremu kwa nyuzi hizo utazionea.

Aina ni chache. Nailoni ya kawaida ni nafuu, laini na inamfaa karibu kila mtu. Nailoni ya nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja ni laini zaidi na inafaa kwa wenye viwiko vinavyouma, lakini hukatika haraka. Poliesta ni ngumu, hudumu, na humsaidia mpigaji mwenye mzunguko wa kasi kuushusha mpira ndani ya mistari. Humpa faida huyo tu, na hupoteza mkazo mapema hata kama haijakatika. Kuna pia nyuzi za asili zinazotengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, ambazo ni ghali mno. Ugogo hatukosi ng'ombe, lakini nyuzi zenyewe bado zinatoka viwanda vya ng'ambo.

Mkazo hupimwa kwa pauni, na fremu nyingi zimeandikwa kiwango kinachoruhusiwa, mathalani 50 hadi 60, yaani takriban kilo 23 hadi 27. Mkazo wa chini hutoa nguvu na ulaini, wa juu hutoa udhibiti. Kwa nailoni anza katikati ya kiwango kilichoandikwa, kisha ongeza pauni moja au mbili kwa ajili ya kimo cha Dodoma. Kwa poliesta anza pauni tatu au nne chini ya hapo. Angalia pia mpangilio: nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo huacha nafasi pana na husaidia kuuzungusha mpira, ilhali 18 kwa 20 hubana nafasi, huutoa mpira kwa njia ya chini na nyuzi zake hudumu zaidi. Mpangilio huo wa pili haupendwi sana na maduka, lakini kwa mpigaji mwenye nguvu katika hewa yetu nyepesi unastahili kujaribiwa.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Kuanzia Juni hadi Novemba, mvua ikiwa haipo na upepo ukivuma, mpira huokota chembe za mchanga uwanjani na kuzipeleka kwenye makutano ya nyuzi, ambako zinasaga kama msasa. Pitisha ncha ya kucha kwenye makutano hayo katikati ya kichwa: ukihisi mkato unaofika karibu nusu ya unene wa uzi, siku zake zimehesabiwa. Kanuni iliyozoeleka ni kubadili nyuzi kwa mwaka mara zilezile unazocheza kwa wiki, na hapa mchezaji wa kiwanja cha saruji aongeze mara moja. Kabla hujanunua fremu, uliza nani atakufungia nyuzi, kwa mashine gani, na kama hayupo karibu, itakubidi uitume Dar es Salaam kwa basi au kwa treni. Raketi ambayo nyuzi zake zikikatika inakaa wiki mbili njiani inahitaji mwenzake wa akiba.

Hatua ya nane: Ijaribu kabla ya kulipa

Azima raketi kwa wachezaji wenzako kwa wingi kadiri uwezavyo, hata ambazo huna nia ya kuzinunua, kwa sababu kila moja inakufundisha jambo kuhusu namba zilizo kwenye karatasi yako. Jaribu mbili tu kwa siku moja, kwa mipira ileile na mpinzani yuleyule. Usihukumu kwa fohendi, ambayo karibu kila raketi huipendezesha. Hukumu kwa bekihendi (mpigo wa upande wa pili wa mwili) iliyochelewa, kwa sevu ya pili, na kwa kurudisha sevu ya mtu anayepiga kwa nguvu. Kisha icheze tena ukiwa umechoka. Ukijaribu saa moja asubuhi kukiwa na baridi ya Julai, usishangae ikionekana tofauti saa kumi alasiri ya Oktoba, kwa kuwa mpira wa joto hudunda juu zaidi.

Hatua ya tisa: Kagua unachokinunua

Kwa raketi ya mtumba, ishike kwenye mwanga wa jua na uizungushe polepole. Mikwaruzo ya rangi kwenye ncha ya kichwa ni ya kawaida. Mstari mwembamba unaokata fremu kwa mlalo, hasa kati ya saa tisa na saa tatu kwa kuifananisha na uso wa saa, ni ufa. Bonyeza kichwa kwa viganja viwili kutoka pande zote: fremu nzima hukaa kimya, iliyopasuka hutoa mlio mdogo wa kusaga. Tazama plastiki zinazokinga matundu ya nyuzi, kwa kuwa zikiwa zimekatika, nyuzi mpya zitakatwa na fremu yenyewe. Kisha tazama shingoni. Raketi ya grafaiti (aina ya kaboni nyepesi na imara) huwa kipande kimoja pale mikono miwili ya fremu inapokutana. Ya alumini mara nyingi huwa na kipande cha plastiki kilichopachikwa hapo kuziba pengo. Alumini inafaa kwa kuchezea uani na watoto, lakini isilipiwe bei ya grafaiti.

Kwa raketi inayodaiwa kuwa mpya, chukua mzani mdogo wa jikoni. Ikiwa fremu imeandikwa gramu 300 na ina nyuzi, ukitoa gramu 16 za nyuzi unapaswa kubaki karibu na 300, pungufu au zaidi ya gramu 7 hivi. Ikibaki 270, ama ni bandia au maandishi si yake. Ukiwa unachagua kati ya toleo la mwaka huu na la mwaka juzi kwa bei iliyoshuka, chukua la mwaka juzi na fedha inayobaki uifungie nyuzi nzuri. Hata mabingwa wengi huchezea fremu za zamani zilizopakwa rangi za toleo jipya ili kampuni iuze.

Ukishainunua, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto hulegeza nyuzi na kulainisha gundi ya mpini. Icheze kwa wiki kadhaa kabla ya kubadilisha chochote. Ikiwa baada ya hapo bado inayumba mpira mzito unapoigonga pembeni, bandika utepe wa madini ya risasi wa gramu mbili kila upande wa kichwa, kwenye saa tisa na saa tatu, ucheze nao mechi mbili au tatu, na ukiona mkono unachelewa tena, ubandue pande zote mbili na uanze na gramu moja.